Mita Kumi na Mbili

Jumamosi, 22 Januari

Nimefua. Mvua imetuachia asubuhi moja, nikaikamata. Kwa mara ya kwanza tangu Krismasi nguo zangu hazikulala kwenye majani.

Dona, mdogo wangu wa kiume, kaleta kamba. Si kamba hasa. Ni waya bapa wa plastiki ya manjano, mgumu, una nyuzi mbili za shaba ndani na namba zimechapwa kila baada ya hatua. Kaufunga toka mpapai wetu hadi nguzo ya Mama Ilunga, jirani. Haulegei hata ukianika blanketi.

Sikuuliza umetoka wapi. Hapa kambini Panda mlango wetu wa choo ni kipande cha mkanda wa kubebea mawe. Sufuria ya mama imeyeyushwa toka nyaya za umeme. Kiti ninachokalia kuandika haya kilikuwa cha shefu, mkubwa wa gereji. Kampuni ya mgodi hailipi, basi kila mtu anajilipa. Ukianza kuuliza vitu vimetoka wapi, utakaa sakafuni.

Mama Ilunga kafurahi kama mtoto. Nguo za kwenye majani zinaleta funza. Nzi anataga kwenye kitambaa kibichi, wiki moja baadaye una jipu mgongoni na ndani kuna kitu kinajigeuza. Pasi ya moto inawaua, lakini makaa ni ya kupikia. Mwaka jana Ilunga mdogo alikamuliwa saba, kelele zake zilifika sokoni.

Tumegawana. Sifuri mpaka sita ni yangu, sita mpaka kumi na mbili ni yake. Namba zinasaidia. Hakuna ugomvi wa shuka tena.

Jumanne, 25 Januari

Ofisi ya michoro. Meza kumi na moja, mtu mmoja. Wengine wamekufa, wamekwenda Zambia, wamekwenda kuchimba. Mimi nimebaki kwa ukaidi, na kwa sababu sijui kuchimba.

Fomu za vipimo vya jana zimefika toka mgodini. Visima vyembamba kumi na sita vya kupimia maji, vinane kaskazini, vinane kusini. Dona anapima vya kaskazini, mwenzake vya kusini, kila mmoja na chombo chake. Kila namba inasema maji yako mbali kiasi gani toka mdomo wa kisima. Mimi natia namba kwenye kompyuta, programu inahesabu, mashine ya kuchora inachora mistari, na mhandisi anajua maji yamelala wapi chini ya miguu ya watu wake.

Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Umeme hakuna. Transfoma imekufa tena. Nimeweka fomu kwenye jalada.

Miaka kumi na tisa nachora mgodi ule na sijawahi kuukanyaga. Mwanamke haingii, wanasema madini yatakimbia. Yamekimbia hata hivyo.

Jumanne, 1 Februari

Fomu zimefika. Umeme hakuna. Jalada.

Sikuzisoma. Kuzisoma bila kuchora ni kama kunusa ugali wa jirani.

Jumanne, 8 Februari

Umeme! Toka saa nne hadi saa saba mchana. Nimekimbia kama mwizi.

Kalamu ya bluu ya mashine imekauka, ya kijani pia. Nimetia wino wa shule kwenye nyekundu nikauzimua kwa maji. Ramani imetoka ya waridi, kama zawadi ya harusi.

Na imetoka mbaya. Kusini mistari iko sawa, maji yanapanda kidogo kidogo, kama kila msimu wa mvua tangu pampu zilipoanza kufa. Lakini kaskazini kuna bakuli. Mistari imeingia ndani, imezunguka, imeshuka. Maji yamekimbia chini ghafla, mvua ikinyesha, pampu mbili za upande huo zikiwa zimezama na hazifanyi kazi.

Maji hayana akili lakini hayana wazimu pia. Hayashuki yenyewe. Sijafurahishwa na bakuli hili.

Alhamisi, 10 Februari

Mhandisi kaingia kuomba karatasi, kaiona ramani mezani, kaichukua. Nimemwambia bado naichunguza. Hakunisikia. Alikuwa anacheka peke yake. Sijamwona akicheka tangu waporaji walipobeba samani za nyumba yake.

Najua anachokiona. Kwenye ngazi ya chini, orofa ya mwisho ya mgodi, upande wa kaskazini, kuna ukuta wa saruji. Waliujenga maji yalipowashinda, na nyuma yake waliacha pampu mbili nzima. Kusini imebaki pampu moja, inakohoa. Ramani yangu inasema nyuma ya ukuta sasa ni pakavu. Basi wavunje ukuta, watoe pampu, waokoe mgodi. Kuna bomba dogo ukutani la kujaribia kama kuna maji, lakini limeziba kwa tope.

Watashuka Jumatatu ya tarehe 21. Watu wanne. Mmoja ni Baba Ilunga, mume wa jirani yangu. Fundi wa pampu, hakuna anayezijua kama yeye.

Ijumaa, 11 Februari

Nimeanza na kalamu. Nimefungua, nimesafisha, nimechora miraba mitupu. Miraba ni miraba. Karatasi ilikuwa na unyevu, nikaidhania imeteleza. Nimeikausha juani, nimeifunga kwa utepe wa gundi pembe nne, nimechora tena. Bakuli lile lile, mahali pale pale.

Si kalamu. Si karatasi. Basi ni programu. Nilijua tu. Nilisema kwa sauti, ofisini peke yangu: "Célestin, umeniachia nini?"

Jumamosi, 12 Februari

Célestin ndiye aliyeandika programu. Miaka miwili alikaa kwenye kiti kile, chai ikipoa, akiandika mstari baada ya mstari. Alikuwa Mkasai, wazazi wake wa mkoa mwingine. Kuzaliwa kwake hapa hapa Likasi, kwenye hospitali ile ile niliyozaliwa mimi, hakukumsaidia. Wakasai walipoambiwa waende kwao, aliswagwa na mke na watoto watano hadi stesheni, wakangoja treni wiki nyingi chini ya turubai. Nilimpelekea unga mara moja. Mara moja. Halafu niliogopa kuonekana.

Siku ile ya unga alinipa daftari lake la maelezo. Alisema, akiniita dada kama mdogo wangu, "Yaya Georgette, mashine haina kabila, itakuwa nzuri na weye." Sijui kama alifika.

Leo nimelifungua. Ukurasa wa mwanzo kaandika kwa herufi kubwa: RAMANI IKIKUSHANGAZA, ANZA NA MTU ALIYEPIMA. HALAFU CHOMBO CHAKE. HALAFU NAMBA. HALAFU PROGRAMU. KALAMU MWISHO.

Nimeanza kinyumenyume. Ndivyo nilivyo.

Jumatatu, 14 Februari

Bado nilimshuku. Naona aibu kuandika, lakini hapa sina wa kumdanganya. Nilitaka kosa liwe lake. Kosa la mtu aliyeondoka halimsumbui yeyote.

Umeme ulikuja saa tano. Nimechukua namba za Februari ya mwaka juzi, nimezitia upya moja moja, nimechora. Halafu nimetoa ukutani ramani ya siku zile, iliyochorwa na Célestin mwenyewe. Nimezibandika zote mbili dirishani, moja juu ya nyingine, mwanga ukipita. Mstari juu ya mstari. Hata unywele haupishani.

Nikajaribu na visima ambavyo havikupimwa, vile tunavyoviandikia 999. Programu inaviruka vizuri. Nikageuza mashariki na magharibi makusudi, ramani ikageuka ilivyopaswa.

Programu haina kosa. Célestin, nisamehe. Zimebaki namba.

Jumanne, 15 Februari

Leo nimeacha kompyuta. Karatasi ya miraba, rula, penseli. Kisima kimoja kimoja, Jumatatu baada ya Jumatatu, toka Novemba. Kazi niliyofundishwa nikiwa msichana.

Vya kusini vinatambaa juu taratibu. Vya kaskazini vinatambaa juu vile vile, taratibu, mpaka tarehe 17 Januari. Tarehe 24 vyote vinane vinaanguka. Cha kwanza mita kumi na mbili. Cha pili kumi na mbili. Cha tatu kumi na mbili. Niliweka penseli chini nikaenda kunywa maji. Nikarudi. Cha nane kumi na mbili, pungufu ya kiganja. Kisha baada ya kuanguka, vyote vinaanza tena kutambaa juu.

Maji hayaanguki kama askari kwenye gwaride. Hayakushuka. Yanapanda, na kilichobadilika ni kipimo. Nyuma ya ule ukuta hakuna ukavu. Kuna maji yamesimama, na ramani yangu inayaficha.

Nimetafuta kwenye daftari la Célestin sehemu ya chombo. Sijawahi kuisoma, chombo si kazi yangu. Kuna mchoro wake, nadhifu kama yeye. Utepe bapa wa manjano. Nyuzi mbili za shaba ndani. Namba kila mita, toka sifuri kwenye ncha. Ncha ikigusa maji, taa ya juu inawaka.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Jua lilikuwa bado kali. Shuka zangu kwenye sifuri mpaka sita. Nepi za mtoto wa mwisho wa Mama Ilunga kwenye sita mpaka kumi na mbili. Nimesimama pale mpaka mama kaniuliza kama nimeumwa na nyoka.

Namba niliziona tangu siku ya kwanza. Nilizigawana na jirani.

Jumatano, 16 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa. Wewe ni mavumbi, sawa, nakubali.

Mchana nimemsubiri Dona mlangoni, nikamuuliza kamba kaitoa wapi. Hakukana. Hicho ndicho kilichoniuma. Alidhani namsifu.

"Yaya, utepe ilitoboka kule mbele. Taa ilikuwa inawaka ata kwa hewa. Nikakata ile mubaya, nikafunga tena ncha. Sasa inatumika muzuri."

Nikamuuliza, na zile mita kumi na mbili, ulizitoa kwenye hesabu?

"Miye naandika ile utepe inasema. Nikiandika nimekata kumi na mbili, batauliza kipande iko wapi. Bataniita mwizi."

Nikamwambia kuna watu wanne watakaovunja ukuta kwa namba zake. Hapo ndipo alipokaa chini.

"Nilizani zile namba hakuna tena muntu anazisoma. Nilizani ramani yako banaitundika tu kwa ukuta."

Ningempiga. Ana miaka thelathini na mmoja na ningempiga. Lakini yeye alizipima, mimi nilizifungia kwenye jalada wiki mbili bila kuzitazama. Tulikuwa wawili.

Alilia. Akikamatwa kwa mali ya kampuni ni jela ya Buluo, na watu hawatoki Buluo wakiwa wazima. Mama alikuwa jikoni, kasikia yote. Akasema bila kugeuka: "Nyumba hii ni ya Dona. Weye unajua."

Najua. Miaka kumi na tisa ya kazi, lakini mwanamke haandikiwi nyumba. Dona akifukuzwa, mama mwenye miaka sabini analala barabarani.

Alhamisi, 17 Februari

Nimefanya. Nimetoa kumi na mbili kwenye kila namba ya kaskazini, nimechora ramani mpya umeme ulipokuja. Bakuli limetoweka. Maji yapo juu ya paa la njia iliyo nyuma ya ukuta. Nimeipeleka kwa mhandisi kabla wino haujakauka.

Kauliza, kosa lilikuwa wapi.

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nikasema, kwenye programu. Programu ya Célestin. Mstari mmoja ulihesabu vibaya visima vya kaskazini.

Basi. Ilitoka rahisi. Nilifikiri nimepata njia ya kuokoa wote wanne pamoja na Dona, na atakayelipa ni mtu aliye mbali, ambaye hatajua.

Mhandisi kazitazama ramani mbili, moja mkono huu, nyingine mkono huu. Halafu kacheka, si kile kicheko cha juzi.

"Programu ya ule? Alors, basi ilikuwa mubaya tangu zamani. Na hii mupya umeitoa wapi? Si kwa programu ile ile?"

Nikasema nimeitengeneza. Akauliza, weye? Tangu lini unajua kutengeneza programu? Akasema wakubwa wa Lubumbashi wanataka pampu, pampu ya kusini haifiki Pasaka, na hatasimamisha kazi kwa ajili ya karatasi ya waridi. Ile ya kwanza inasema pakavu, ya pili inasema maji, basi karatasi zote mbili ni bure. Watashuka wakaone kwa macho.

Njia ya mwongo ni fupi, yangu ilikuwa na urefu wa meza moja. Ramani ya kweli nilikuwa nayo mkononi. Niliiharibu mwenyewe kwa mdomo.

Ijumaa, 18 Februari

Nilifika mpaka mlangoni kwa mhandisi mara mbili. Mara ya pili katibu wake kaniuliza nataka nini. Nikasema karatasi.

Mimi mwoga. Nimeliandika neno hilo ili nilione.

Jumapili, 20 Februari

Misa. Mhandisi alikuwa mbele yangu, benchi la pili, na mke wake. Ningeweza kumgusa bega. Wakati wa kupeana amani alinigeukia, akanipa mkono. Nikamwambia amani iwe nawe.

Alasiri Baba Ilunga alikuja kwenye ua. Alikuwa anarekebisha ufunguo wake wa bomba kwa jiwe, Ilunga mdogo kakaa miguuni pake. Kaniuliza kwa adabu kama kawaida yake.

"Mama Georgette, weye njo unachora. Kule nyuma ya ukuta, mayi iko?"

Mama yangu alikuwa kwenye kizingiti. Dona alikuwa ndani, kitandani toka Jumatano, kageukia ukuta. Kamba ilikuwa juu ya vichwa vyetu, tupu, siku ya Bwana hatufui.

Nikasema, "Mugonge kwanza. Mugonge sana, musikilize."

Kacheka. "Tutagonga, mama. Siye hatuko batoto."

Ningesema neno moja tu. Iko. Mayi iko. Hata sababu asingeniuliza, alikuwa mtu wa kuamini. Nilimpa nusu ya neno, nikaingia ndani kupepeta mchele.

Nimeamua. Kesho saa moja, kabla hawajashuka, naenda kwa mhandisi na kipande cha utepe mkononi. Dona atoroke usiku huu akitaka. Nimemwambia.

Jumatatu, 21 Februari

Nilifungua kamba mpapaini na nguzoni alfajiri, nikaikunja, nikaitia kwenye kikapu. Saa moja kasoro robo nilikuwa ofisini kwa mhandisi. Mlango umefungwa. Mlinzi akasema wote wako mgodini tangu saa kumi za usiku. Umeme wa lifti uliletwa usiku na utakatwa saa tatu, kwa hiyo walishuka mapema ili wawahi.

Nilisimama kando ya barabara ya Kambove, iendayo mgodini. Lori la kwanza lilinipita. La pili lilinichukua. Kwenye geti la mgodi askari akaniambia mwanamke haingii. Nilimwonyesha utepe, nilipiga kelele, nilimwambia maji, maji, kuna maji. Aliniona mwendawazimu mwenye kamba ya nguo. Nilimsukuma. Ndivyo nilivyokanyaga mgodi kwa mara ya kwanza, nikikimbia bila kiatu kimoja.

Lifti ilikuwa inapanda. Ilikuwa na watu wawili, wamelowa mpaka nywele, mmoja anatapika tope. Walikuwa wamegonga. Waligonga sana, wakasikiliza, wakasikia kimya. Saruji nene haina la kusema.

Baba Ilunga ndiye aliyekuwa na nyundo.

Jumanne, 22 Februari

Hakuna.

Jumatano, 23 Februari

Maji yamepanda ngazi mbili. Pampu ya kusini imezama. Hakuna atakayeshuka tena, si kwa miili, si kwa shaba. Mgodi umekwisha.

Kilio bila maiti. Wameweka kofia yake ya kazi juu ya mkeka. Mama Ilunga hapigi kelele. Anauliza tu kila anayeingia kama maji yale ni baridi.

Dona hayupo tangu Jumatatu. Wanasema kaonekana njia ya Kakanda, kwa wachimbaji, na koleo. Mama ananiangalia kama vile mimi ndiye niliyeiba.

Ijumaa, 25 Februari

Nimekwenda kwa mhandisi. Safari hii niliingia. Niliweka utepe juu ya meza, nikasema yote. Tarehe, kisima kwa kisima, Dona, mimi, uongo wangu juu ya programu. Nilisema hata la jalada.

Alisikiliza. Amezeeka kwa wiki moja. Halafu akafungua droo, akanionyesha ripoti, imekwisha kupigwa taipu na kutiwa mhuri, nakala moja imeshakwenda Lubumbashi. Sababu ya ajali: kosa la programu iliyoandikwa na mfanyakazi aliyeondoka.

Nikamwambia si kweli. Akasema anajua sasa. Akasema, ripoti hii haimfungi mtu, haimfukuzi mtu, na wajane wataandikiwa kuwa ni ajali ya kazi. Yangu ingemfunga Dona, na mimi, na yeye mwenyewe aliyekataa ramani ya pili. Kisha akanisukumia utepe wangu kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayesukuma mende.

"Urudishe kwenu, mama. Kazi imeisha."

Nilirudi nao. Nilikuwa na kikapu, sikujua pa kuutupa.

Nimelifungua daftari la Célestin, ukurasa wa mwisho, penye nafasi. Nimeandika: Programu haikuwa na kosa. Niliijaribu tarehe 14 Februari, ilikuwa sawa. Nilisema uongo tarehe 17. Nimetia jina langu. Sijui nani atasoma. Nimeandika hata hivyo.

Jumapili, 27 Februari

Kamba imerudi juu. Si mimi. Mama aliitoa kikapuni, akaifunga, akasema nguo zinaoza ndani.

Jumamosi, 5 Machi

Jua toka asubuhi. Kilio kimekwisha jana, wageni wameondoka, wameacha shuka na mikeka na vitambaa.

Nilikuwa nimetoa beseni langu. Mama Ilunga kaja na mabeseni mawili, moja kichwani, moja ubavuni. Kakonda.

"Yaya, leo unipe kamba yote. Manguo ya kilio ni mingi."

Nikasema chukua. Nikaacha yangu kwenye beseni. Akaanza kuanika, toka kwenye nguzo yake kuja huku, kumi na mbili, kumi na moja, kumi. Kitambaa cheusi. Shuka. Shati la kazi la mumewe, alilolifua tu, sijui kwa nini, labda kwa mazoea. Alipofika sita alisita kidogo, akaniangalia, kama mtu anayeingia chumba cha mwenzake. Nikamtikisia kichwa. Akaendelea, tano, nne.

Hapo nikamwambia.

Nilisema kwa maneno machache. Kwamba kamba hii ndiyo iliyokuwa inapima maji. Kwamba Dona aliikata, na mimi nilijua tangu tarehe 15. Kwamba siku ile uani mume wake aliniuliza, na jibu nilikuwa nalo. Sikumwomba msamaha. Ingekuwa kumtwisha kazi nyingine.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imeshika pembe mbili za shuka. Aliitazama kamba, namba moja moja, toka nguzo mpaka mpapai, kama anayesoma. Midomo ilikuwa inatembea.

Kisha akaanza kuanua. Zilikuwa bado zinatiririka. Alizitoa zote, akaanza na zilizokuwa upande wangu, halafu za upande wake, shati la mumewe mwisho. Akazibeba mpaka nyuma ya nyumba yake, akazitandaza kwenye majani, akizinyoosha vizuri kwa kiganja.

Nzi walikuwapo. Ilunga mdogo alitoka akamuuliza kitu, naye akamwambia aingie ndani. Nimefungua kamba mpapaini, halafu nguzoni. Nimeikunja. Nguo zangu nimezitandaza kwenye majani pia, upande wa huku.